Nyuzi za Bi Rangi Haziishi

Kitanda cha kufumia cha Bi Rangi kilimeza nusu ya sebule, na binti yake alikuwa amekichoka. Mgeni akiingia ilibidi ajikunyate pembeni, asije akapiga teke sufuria ya rangi. Jina lenyewe majirani walimpa kwa ajili ya vidole vyake: wiki hii bluu, wiki ijayo kijani. Hata siku ya harusi ya binti havikutakata, na picha zipo.

Tangu mama ateleze jikoni, binti hakuwa na wimbo mwingine.

"Mama, skafu ulizofuma zinatosha. Tukifungue hicho kitanda, tuweke makochi, ukae kama watu."

"Nikae nifanye nini?"

"Upumzike!"

"Nitapumzika sana nikishazikwa. Haraka ya nini?"

Binti alikuwa king'ang'anizi, na hakuokota tabia hiyo barabarani. Alisema asubuhi, akasema jioni, mpaka Bi Rangi akalegea, au alijifanya kulegea.

"Haya. Nyuzi zilizotandwa hapo zikiisha, kifungueni. Ila msizikate katikati."

Binti akaondoka na furaha ya mtu aliyeshinda kesi, akaenda kuchagua makochi.

Miezi ikapita. Skafu zikatoka moja baada ya nyingine, na nyuzi zimo tu. Asubuhi moja binti akaingia bila hodi, akamkuta mama yake ameinama nyuma ya kitanda. Alikuwa anaunga nyuzi mpya, zilizotoka kwenye rangi juzi, kwenye ncha za zile za zamani, fundo kwa fundo. Hivyo ndivyo alivyoanza kila skafu miaka yote, na binti aliyekulia chini ya kitanda kile hakuwahi kuangalia.

"Mama! Si ulisema zikiisha?"

"Kwani zimeisha?"

Binti akatazama. Kwa mtindo ule zisingeisha mpaka kiama.

"Umenidanganya."

"Sana," akasema Bi Rangi, wala hakuinua kichwa. "Nilianza kuunga nyuzi hizi nikiwa na mimba yako, na hazijakatwa hata siku moja. Hutazikata wewe."

Bi Rangi akalilamba fundo, akalikaza kwa vidole vyake vya bluu.

"Siku ukikuta zimeisha, ujue nimeisha mimi. Hapo lete hayo makochi, watu wa msiba wapate pa kukaa."