Nilivyogombea Uhakimu Peckham

Nawaambieni, hadi leo napita mitaa ya Peckham, huku ughaibuni, nikiangalia chini. Mimi ni nesi, na niliomba kuwa hakimu wa kujitolea katika mahakama ya mtaa wetu. Barua ya kuniita kwenye interview ilipofika, humo wakaniita candidate. Kwangu mimi, candidate ni mgombea. Basi nikaingia kwenye kampeni. Nilizunguka saluni na makanisa nikiomba kura, nikiahidi haki kwa wote na msaada kwa vijana. Nikanunua hata kadi ya simu, nikampigia mama yangu kule Tanga aniombee.

Siku ya interview ikafika. Mbele yangu walikaa watu watatu. Mwenyekiti, mama mmoja mpole, akaniuliza nimejiandaaje.

“Nimepita saluni nne,” nikasema. “Vijana wameniahidi kura, nami nimewaahidi sitamfunga mtu kwa kosa la kwanza.”

Akaweka kalamu chini taratibu.

“Madam, hapa hakimu hapigiwi kura. Anateuliwa. Na wanaokuchuja ni sisi watatu.”

Nikajikuta nikisema, “Basi, naomba kura zenu.”