Abate Ndani ya Banda la Kuku

Dugald Raeburn alikuwa mshika ufunguo wa abasia ya Kilbrennoch, magofu ya makao ya kale ya watawa, kama baba yake na babu yake. Kila jioni alilifunga lango kwa makini, ingawa upande wa mashariki hapakuwa na ukuta hata wa dawa, na kondoo waliingia na kutoka watakavyo.

Historia ya magofu yale aliijua kwa ghibu. Watawa walikuja miaka mia nane iliyopita, wakafuga kondoo, wakatajirika kwa sufu, wakanenepa. Kisha Waingereza wakavuka mpaka, wakaichoma abasia. Mara mbili, maana watu wale hawajui kutosheka. Mgeni akiuliza paa liko wapi: Waingereza. Madirisha? Waingereza. Siku moja bibi mmoja aliuliza choo kiko wapi, na Dugald, kwa mazoea, akamjibu vilevile.

Masika yale akaja Bi Ferrier, mkaguzi wa majengo ya kale wa serikali, kutoka Edinburgh. Ndiye angeamua kama Kilbrennoch bado inahitaji mshika ufunguo, au ufunguo uende kukaa kabatini mjini. Dugald alikosa hamu ya kula, naye hakuwa mtu wa kukosa hamu ya kula.

"Ukuta wa mashariki ulikwenda wapi, Bwana Raeburn?"

"Waingereza, mama. Waliubeba."

"Wote? Mpaka kwao?"

"Wale wana mabega, mama, usiwaone hivi."

Mvua ikashuka ghafla. Bi Ferrier akakimbilia banda la kwanza aliloliona, na bahati mbaya lilikuwa la Dugald.

"Bwana Raeburn! Hebu njoo huku."

Ukutani, akiwa amejengewa kati ya mawe kichwa chini miguu juu, alikuwepo abate wa kuchongwa, mkuu wa watawa mwenyewe, na kofia yake ndefu. Juu ya kidevu chake kuku alikuwa anaatamia.

Grizel, mke wa Dugald, aliyekuja nyuma yao, alicheka hadi akashika mlango. "Haya, mwambie! Mwambie Waingereza ndio waliotujengea banda!"

Kijiji kizima cha Kilbrennoch kilijengwa kwa mawe ya abasia. Kizingiti cha mchungaji, meko ya baa, zizi la nguruwe la mwalimu, vyote vilitoka kule. Desturi ilikuwa moja tu: usiulizie ukuta wa jirani, naye hataulizia wako.

Dugald akautoa ufunguo. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Babu ndiye aliyemchukua. Baba alijua, na mimi najua tangu utotoni. Pokea, mama. Sifai."

Bi Ferrier hakuupokea. Alikuwa amepiga magoti kwenye mavi ya kuku. "Wenzake waliobaki kule wamelika na upepo, hakuna hata mmoja mwenye pua," alisema. "Huyu anayo. Kaa na ufunguo wako. Ila kuanzia leo banda hili ni sehemu ya abasia. Jiwe lisiguswe, na wageni waingie kila Jumamosi."

"Miaka ishirini namwomba alibomoe!" Grizel akamaka. "Leo harufu hii inalindwa na serikali!"

Jumamosi wageni wakajazana bandani, kuku wakiwapanda mabegani. Mzee mmoja akauliza ni nani aliyeiharibu abasia nzuri kiasi kile.

"Wai..." Dugald akaanza.

Dirishani, Grizel akakohoa.

Dugald akavua kofia. "Waingereza walichoma," akasema. "Sisi tulibeba."