Boti Inayolia Gitega

Saa nne asubuhi, na kibanda cha fundi redio Ilyasi Ramazani mtaani Gitega, Kigali, kina watu saba na viti vitatu. Watatu wamebanana kwenye benchi, mmoja kaegemea mlango, na Karangwa, dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, kakalia spika kubwa iliyokufa tangu harusi ya mwaka juzi. Illuminée, muuza chai wa hapo nje, amesimama katikati, chupa ya chai mkononi. Anasimulia habari za bwana harusi mmoja aliyeonekana Kacyiru na mtu asiye bibi harusi.

"Sasa mimi nikamwona amemshika hivi…"

Pip! Pip! Pip!

"Iko nadanganya!" Karangwa anashangilia. "Boti imekataa, mama!"

Kibanda kinalipuka kwa kicheko. Illuminée anaitazama meza ya fundi kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda.

Kinacholia ni otopailoti, kifaa kinachoshika usukani wa boti ili nahodha apumzishe mikono. Nahodha anachagua mwelekeo, dira inakieleza kifaa boti imeelekea wapi, na chenyewe kinanyoosha. Hiki kimetoka Ziwa Kivu kwa basi pamoja na dira yake, kimeviringishwa kwenye blanketi, hadi katika mji ambao maji mengi ya watu yako kwenye madumu.

Kwa nini kiletwe kwa Ilyasi? Yeye mwenyewe anacheka. Babu yake alikuwa mchuuzi wa vitambaa aliyetokea pwani, na kwa sababu hiyo nusu ya Gitega humwita Mtu wa Bahari.

"Bahari sijaiona," anasema. "Nimeona mto Nyabugogo ukifurika. Basi."

Ufundi aliupata dukani kwa mjomba wake, akianza na ufagio. Zamani redio zilipangwa mpaka mlangoni. Siku hizi ikija moja kwa wiki, kibanda kizima kinaipokea kama mgeni wa posa. Wateja wamepungua, wazungumzaji wameongezeka. Mkewe, Mukamana, amemwambia mara nyingi awatoze kiingilio.

Kwa hiyo Twizeyimana, mwenye boti tatu za watalii huko Rubavu, alipoingia na blanketi lake, Ilyasi aliona riziki imepiga hodi. Tatizo ni alichoagiza.

"Fundi, mimi sitaki kujua inasema nini," alisema Twizeyimana. "Inatutia aibu mbele ya wageni. Kata waya wa huo mlio, inyamaze."

Ilyasi akakataa. "Patroni, nikiukata leo, siku usukani ukigoma atakuambia nani? Niache nijue kwanza inalia nini."

Wakakubaliana hivi: mwisho Jumamosi. Ikitengemaa, umeme wa boti zote tatu utakuwa kazi ya Ilyasi. Isipotengemaa, kifaa kinang'olewa na boti zinakwenda kwa fundi mwingine.

Fundi akaanza kusoma. Mlio ni uleule mmoja, ila maneno kwenye kioo ndiyo yanabadilika, tena kwa Kiingereza. Aliyatafsiri kwa simu, neno kwa neno, na kwa kuwa kibanda hakina siri, mtaa mzima ukasoma naye. Leo hata Illuminée anajua: kuna onyo la betri kushuka, kuna la usukani kutojibu, kuna la boti kutoka njia. Na kuna lile linalouliza kila baada ya muda kama nahodha yuko macho. Asipobonyeza kitufe, kelele.

"Hiyo wawawekee walinzi wa matajiri wa Nyarutarama," alisema Karangwa, "tuone nani atabaki kazini."

Lakini kifaa hiki kilikuwa na neno moja tu: boti imetoka njia. Kimekaa mezani, hakijasogea hata kidole, na kinalia kimepotea! Ilyasi alibadilisha nyaya, akasafisha viungio, akasoma dua. Kinatulia asubuhi nzima, kisha ghafla, pip pip.

Ni wanabaraza waliogundua kwamba hulia umbea unapokolea. Wakaamua kimekuja kupima waongo. Na kwa kuwa mwenye umbea mtamu kuliko wote ni Illuminée, aliyeumia ni yeye.

"Watu wameanza kuniuliza kama maziwa ya chai ni maziwa!" analalamika. "Miaka yote niliyokaa Bujumbura sikuitwa mwongo, nije niitwe na boti?"

Leo amechoka. Anaweka chupa chini, anainua mkono.

"Nasema ukweli, Mungu ananiona. Siku ya harusi yangu nilijifungia chooni. Kanisa limejaa, padri anangoja, mimi nimegoma kutoka…"

Hii hakuna aliyewahi kuisikia. Shingo zinarefuka. Karangwa anajivuta mbele, na spika yake chini yake.

Pip! Pip! Pip!

"Ukweli huo!" Illuminée anapiga kelele. Anampigia mumewe simu, anaweka sauti kubwa. "Ndayisaba! Waambie, nilijifungia chooni au sikujifungia?"

"Ulijifungia," sauti inajibu kwa uchovu. "Viatu ulikuwa umeazima, na mwenye viatu alikuwa amekaa mbele. Sasa nani tena anauliza mambo hayo?"

Kila mtu anacheka isipokuwa Ilyasi. Kama kifaa kinalia hata kwa ukweli, basi maneno hakiyasikii. Anainama. Kwenye rafu ya chini kuna dira ya boti, imeungwa na kifaa kwa waya. Mbele yake, karibu kuigusa, kuna spika ya Karangwa.

"Rudi nyuma, sha," anamwambia Karangwa kirafiki.

Karangwa anarudi. Kimya.

"Sogea tena."

Pip! Pip!

"Yampaye inka!" Ilyasi anamaka, anashika kichwa. "Sumaku! Spika ina sumaku, inaivuta dira, kifaa kinadhani boti imegeuka. Sumaku nimezishika maisha yangu yote, na hii nimeifanya kiti!"

Umbea ukikolea, mtu husogea. Akisogea, spika inasogea. Hayo tu.

Anampigia Twizeyimana. Botini, dira hii hukaa wapi? Chini ya benchi la nyuma. Na juu ya benchi? Spika ya muziki. Huwa inahama?

"Wageni wakianza kucheza wanaivuta…" Twizeyimana anashusha sauti. "Fundi. Mwezi uliopita boti iligeuka yenyewe, tukakaribia mawe ya kisiwa. Ililia, nikaizima."

"Na ulitaka nikukatie waya," Ilyasi anasema polepole.

"Jumamosi uje uihamishe dira mwenyewe. Halafu tunaingia ziwani kujaribu. Ikinyooka, boti zote ni zako."

Simu inakatika. Mtu wa Bahari anajipangusa jasho. Kuogelea hajui, na boti hajawahi kupanda.

"Usiogope, tunakwenda wote," Illuminée anamwambia. "Nina habari za kutosha safari nzima, na safari hii hakuna wa kunilizia king'ora."

Ilyasi ameshapanga kibao kipya cha mlangoni: Redio na Boti. Jumamosi atapanda basi la alfajiri kwenda Rubavu, na lile onyo la kuuliza kama nahodha yuko macho atalishughulikia yeye mwenyewe.

"Macho nitafumba," anasema. "Kidole kitabonyeza."