Kitufe cha Joto

Siku hiyo sauti yangu ilitoka kwenye spika mbili kubwa, ikasikiwa na watu sitini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kimya, soda mkononi.

Ngoja nieleze mwenyewe, maana watu wanaisimulia vibaya.

Mimi ni fundi wa kurekodi. Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Ukutani nimegongelea mablanketi, mlangoni nimeegemeza godoro. Mteja akiimba, mwenye duka hakati kioo. Tulishakubaliana.

Kazi zangu zilitoka safi, lakini za baridi. Zilikosa ule unene wa kanda za zamani.

Basi rafiki yangu mpiga kinanda, tunamwita Vidole, akanitumia plagini. Ni kiprogramu kidogo unachokipachika kwenye programu ya kurekodia, kinaiga mashine za kale. Sauti inabanwa, inaungua kidogo kwa utamu, inajaa. Kina kitufe kimoja tu cha kuzungusha, na ni cha bure.

"Bure bure?"

"Bure. Hata barua pepe hawajaomba."

Nikakipachika kila mahali: ngoma, gitaa, kwaya, hadi tangazo la dawa ya mende. Mteja akiuliza, namjibu kwa sura ya daktari bingwa, "Hilo ni joto la analogi." Anatikisa kichwa kama ameelewa.

Sasa, nilikuwa na mchumba. Mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Nilimpenda, naomba hilo lieleweke mapema.

Mlima ulikuwa mama yake. Alistaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kupokea simu hospitalini. Nilipojitambulisha kwao, mzee alisema hana neno. Mama akasema, "Nipeni muda nimwangalie huyu kijana." Jibu angelitoa siku ya kusherehekea miaka thelathini ya ndoa yao, mbele ya ndugu wote.

Wiki mbili kabla, akanipigia. Anataka kumrekodia mumewe wimbo, ametunga mwenyewe.

Nikaona mchongo umejileta. Mama akifurahi, nimeoa.

Alikuja amependeza kama anaenda kupigwa picha. Nikamsimamisha mbele ya maiki, nikamvalisha hedifoni. Mimi na Vidole tukakaa kwenye kompyuta, hatua tatu nyuma yake.

Akaimba.

Sitaki kumkosea heshima tena. Niseme tu kwamba wimbo ulikuwa upande mmoja wa barabara, yeye upande wa pili, na hakuna aliyekuwa tayari kuvuka.

Ubeti wa kwanza ulipoisha, muziki ukabaki peke yake kidogo. Vidole akaniinamia. "Kaka, hapa tunafanyaje?"

Nikamnong'oneza, "Mimi nataka binti tu. Huyu mama tutamvumilia mpaka harusi ipite."

Tukachekea puani. Mama akaanza ubeti wa pili.

Alipovua hedifoni akaniuliza, "Mwanangu, nimeimba vipi? Niambie ukweli."

"Mama, una sauti ya dhahabu."

Akaniangalia kidogo. "Haya. Wewe ndiye fundi. Isikilize vizuri basi, palipoharibika pakate."

"Hakuna cha kukata hapo, mama."

Dawa niliijua. Nikafungua plagini, nikazungusha kitufe mpaka kikagoma. Sauti ikanenepa, makosa yakafunikwa na utamu. Nikasikiliza mwanzo, nikasikiliza mwisho, feni inavuma juu ya kichwa. Katikati niliparuka, roho ilishachoka.

Joto hili lina tabia moja: likibana, sauti kubwa inashuka, ndogo inapanda. Nililijua hilo. Nimewahi hata kumfundisha mtu.

Siku ikafika. Spika za kukodi zilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Mama akasimama na mumewe katikati ya ukumbi, wimbo ukaanza. Watu wakapiga makofi, wengine kwa upendo, wengine kwa huruma.

Mchumba wangu akanishika mkono. "Umemtendea mema mama yangu."

Nikajiona nimeshaoa.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Halafu ikaja sauti nene, ya joto, karibu kabisa na sikio la kila mtu:

"Mimi nataka binti tu. Huyu mama tutamvumilia mpaka harusi ipite."

Na kicheko cha puani.

Mkono ulioshika wangu ukaachia. Vidole, rafiki wa kufa na kuzikana, akawa anasoma lebo ya chupa ya maji.

Nikaenda mbele. "Mama, nisamehe. Sikujua kama ungesikia."

"Nilisikia siku ile ile," akasema taratibu. "Ulinivalisha hedifoni, mwanangu. Kinachoingia kwenye maiki kinanifikia masikioni. Miaka ishirini na tisa nimekaa na vitu hivyo kichwani. Fundi mzima ulisahau?"

Nilisahau. Somo la siku ya kwanza ya kazi yangu.

"Nilikasirika siku mbili," akaendelea. "Ya tatu nikasema, hata mimi mama mkwe wangu nilimvumilia." Mzee akakohoa. "Na sauti yangu naijua. Leo nilikuja kusema ndiyo. Neno lile nililimeza ili huyu binti asilisikie kamwe. Nikakwambia ukate. Sasa umemsikilizisha wewe mwenyewe."

Nikamgeukia mchumba wangu. Hakuwa analia, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Mama amekusamehe, hilo ni lake," akasema. "Mimi nimepiga hesabu yangu. Ukimaliza kumvumilia yeye, anayefuata ni mimi."

Akachukua mkoba wake, akaenda kukaa karibu na mama yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Watu huniambia niilaumu plagini. Naitumia mpaka leo. Haikutunga neno hata moja, ilipandisha nilichoweka.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukipata kitu cha bure cha kupamba sauti, kitumie. Ila sikiliza kazi yako yote, hasa pale unapodhani pako kimya. Na ukimpenda mtu, chunga unachonong'ona kuhusu aliyemzaa.

Yule mama bado hunipigia mara moja moja kunijulia hali. Mwezi uliopita nikajikaza, nikamwambia ukweli, kwamba haimbi vizuri. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Ungeanza na hilo," akasema, "leo ningekuwa mkweo."