Taya Langu na Kigelegele Changu

Wapendwa, ninyi wa Mlowo mnanijua kwa kelele. Hata kabla sijafika harusini mlikuwa mnajua Mama Neema yuko njiani. Nikipiga kigelegele kule kijiji jirani cha Ruanda, watu wa huku wanageuka. Mwenye kubisha abishe! Leo nimesimama niwaeleze kilivyonyamaza, na kilivyorudi.

Wakati ule nilikuwa napeleka maharage Kongo. Tunavuka Tunduma, tunakatiza Zambia, tunafika mji mmoja mdogo karibu na mpaka. Vita vilikuwa vimeshaanza huko, lakini sisi wafanyabiashara tulijitia pamba masikioni, tukasema viko mbali. Jirani yangu sokoni alikuwa mama Mkongo, muuza dagaa, Mama Kalenga. Kila nikimaliza gunia napiga kigelegele, naye anaziba masikio, anacheka: "Mama Neema, utatupasua!"

Siku moja nikamuuliza wanapigania nini. Akasema, "Wanasema kabila. Wengine wanasema uongozi. Mimi naona mawe tu, shaba na dhahabu. Mawe ni yetu, franka ni zao, na watoto wa kufa ni wetu." Wanawe wawili walikuwa wamechukuliwa, mkubwa na jeshi, mdogo na waasi. Ndugu wa tumbo moja wanaelekezeana bunduki!

Asubuhi moja milio ikaanza sokoni. Mimi nikainama kufunga gunia. Maharage, jamani! Risasi ikaingia shavu hili la kushoto, ikavunja taya la chini. Mwanzo sikusikia maumivu. Nilisikia mdomo umejaa vitu, nikatema, kumbe ni meno yangu. Damu ikanirudi kooni, nikaanza kupaliwa.

Mama Kalenga hakunikimbia. Aliniinamisha kichwa damu itoke nje, akafungua kitenge chake cha juu, akalifunga taya. Tukavuka kwa miguu hadi Zambia, halafu tukapanda lori la dagaa, na njia nzima mkono wake ulikuwa hapa, chini ya kidevu. Pale Tunduma mume wangu alikuja kunipokea. Akamwambia, "Dada, baki kwetu, huko ni kufa." Akajibu, "Nikibaki, wanangu wakirudi watamkuta nani?" Akageuka, akarudi kulekule kwenye vita.

Hospitalini Mbeya walinifunga taya kwa waya, juu na chini. Uji nilinyonya kwa mrija. Usaha ulinuka hadi nikatamani kujikimbia mwenyewe. Mate yalinitiririka kama mtoto anayeota meno, na Neema wangu akawa anaogopa kunisogelea. Hilo liliniuma kuliko risasi.

Waya ulipotolewa, mdomo haukufunguka hata kiasi cha kupitisha kijiko. Nikapewa vijiti bapa vya mbao nivipange katikati ya meno, leo viwili, siku nyingine vitatu, huku nalia. Daktari hakunidanganya: "Mama, utakula na utaongea. Kigelegele siwezi kukuahidi."

"Utakisikia," nikamwambia. Sijui kama alinielewa, mdomo ulikuwa umepinda.

Ikafika harusi ya binti wa kaka yangu. Shangazi ni mimi, na bibi harusi hatoki ndani bila kigelegele cha shangazi. Nikavuta pumzi. Ikatoka fyuu, kama tairi lililopata pancha. Nilijichekesha, kisha nikaenda kulia jikoni. Kesho yake nikaingia kwenye shamba letu la kahawa, nikaanza kukijaribu upya. Mume wangu akalalamika, "Ndege wote watahama." Nikamwambia wahame tu.

Ndipo siku moja, niko Tunduma, nikamwona. Ng'ambo ya foleni ya malori, Mama Kalenga, amekonda, kamshika mkono kijana anayechechemea, wanapandishwa gari la wakimbizi. Nikamwita. Sauti yangu tangu risasi haifiki mbali, na madereva wanapiga honi. Gari likawashwa. Nikajua akiondoka huyu, simwoni tena. Nikalishika taya kwa mkono kama alivyolishika yeye, nikapiga.

Kikatoka! Kikatoka chote, kikapita juu ya malori! Mama Kalenga akaziba masikio. Halafu akageuka, akaniona, akashuka mbio. Tulikumbatiana tukilia hadi dereva akachoka kutusubiri.

Kijana yule ni mwanawe mdogo. Mkubwa hakurudi, na mama yake hajui hata amezikwa wapi. Mimi nilipoteza meno tu.

Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari na mume wangu. Na ninyi wenye wagonjwa, msiishie mlangoni na pole zenu. Ingieni, mshike panapouma. Na wewe unayefanya mazoezi ukilia, lia, lakini usiache.

Mama Kalenga ameomba ruhusa kambini aje leo. Dada, simama wakuone. Haya, akina mama wa Mlowo, mimi taya langu bovu, ninyi midomo mnayo mizima. Mpigieni!