Jumla ya Mama Alama

Muuguzi wa mapokezi alibandikwa jina Mama Alama, kwa kuwa alimpa kila majeruhi alama: pumzi, mapigo ya moyo, presha, fahamu. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimoja tu, na mwenye hali mbaya zaidi kwa jumla ndiye aliyetangulia.

Siku ya vurugu za sokoni waliletwa wawili. Mmoja alikatwa panga mkononi, akipiga mayowe. Mwingine, yule aliyemkata, alipigwa nondo ya tumbo; alikuwa kimya, midomo imempauka. Mama Alama akaufunga ule mkono ukaacha kuvuja, akajumlisha alama mara mbili.

"Huyu wa tumbo aingie."

Kaka wa aliyekatwa akamkaba koo, akambamiza ukutani. "Unamtanguliza muuaji?"

"Mdogo wako anapiga kelele, kaka, basi pumzi anayo. Huyu anavuja damu kwa ndani."

Ngumi ikamng'oa jino. Walinzi walipomburura yule kaka nje, Mama Alama akatema damu na kukisukuma kitanda mwenyewe.

Wote wawili walipona. Kaka hakurudi. Mdogo wake ndiye aliyekuja, akasimama mlangoni na mkono wake uliofungwa.

"Kaa, baba, nikubadilishie bandeji," Mama Alama akamwambia, akimvutia kiti.