Farasi Niliyemweka Machimboni

Hapa Kitengela wananiita Mama Vitabu, na kuna siku moja jina hilo lilinichoma. Kwa kweli mimi ni Priscilla Nalianya. Nilitoka Webuye nikiwa msichana, nikafundisha chekechea miaka kumi na mmoja bila cheti, na siku cheti kilipotakiwa nikaambiwa asante, kwaheri. Sikulia. Nilitandika turubai kando ya barabara ya Namanga nikaanza kuuza vitabu vya watoto vya mtumba. Vinakuja kwa mabelo, vimeandikwa Kiingereza cha huko kwao, na karibu nusu yake, sijui wazungu wana shida gani, ni vya farasi mweupe wa pembe moja na msichana asiyesikia la mtu.

Kila Jumamosi niliwasomea watoto bure. Hapo ndipo nilipokosea, na tena nilikosea kwa raha zangu. Kitabu kikisema msitu wa fedha, mtoto wa Kitengela ataujulia wapi? Nilisema ni vile vichaka vya nyuma ya kanisa. Kikisema daraja la kioo, nilisema kalavati. Msichana wa kitabu nilimpa jina la mtoto aliyetulia vizuri siku hiyo, na kila wiki nilibadilisha njia ili wasichoke. Walicheka wakipiga makofi, nami nikajiona mwalimu kuwashinda wote wenye vyeti.

Basi Jumatatu moja ya likizo ya Agosti, saa nane mchana, Ledama akasimama mbele ya turubai langu. Ledama ni mfugaji, na binti yake Seleyian, wa miaka saba, alikuwa hakosi Jumamosi hata moja. Hakunisalimia. Mmaasai akikunyima salamu, jua kuna jambo.

"Seleyian ametoka asubuhi," akasema. "Ameambia mdogo wake anaenda kuona farasi yako. Amebeba karoti." Akavipitisha macho vitabu vyangu. "Hiyo farasi inakaa wapi?"

"Baba Seleyian, ile ni hadithi tu."

"Sijakuuliza kama ni hadithi. Nimekuuliza inakaa wapi."

Haki ya Mungu, sikukumbuka. Wiki moja nilikuwa nimemweka mtoni. Nyingine nilimweka karibu na mbuga, kule simba huvukia. Nyingine nikampeleka mpaka Kajiado, kwenye soko la mifugo, watoto wakacheka sana. Lakini Jumamosi iliyopita? Kichwa kilikuwa kitupu kama debe. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba wiki hiyo msichana wa kitabu aliitwa Seleyian, na mwenye jina lake alikuwa ameketi mbele kabisa, mdomo wazi.

Mkewe Naisula akafika akikimbia, na Parsaoti, mdogo wake Ledama, nyuma yake na pikipiki. Watu walikuwa wameanza kujaa. Naisula alisikia ninavyobabaika, akakiokota kile kitabu cha farasi nilichosoma Jumamosi akakitupa mapajani mwangu.

"Soma," akasema. "Soma vile ulimsomea."

Jamani! Mama mzima, nasomea umati hadithi ya farasi wa pembe moja, na mtoto wa watu hajulikani aliko. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini picha zilikuwa zinanirudishia maneno. Nikafungua ukurasa wa kwanza. "Seleyian aliamka kabla ya mama yake." Naisula akaguna kama amechomwa mwiba. Nikageuza. "Akapita vichakani nyuma ya kanisa, akavuka kalavati." Nikageuza tena. Kulikuwa na mnara mrefu. "Akaufuata mnara wa simu."

"Mnara upi?" Parsaoti akauliza. "Iko miwili."

"Ule wa rangi nyekundu."

Ukurasa uliofuata ulikuwa na ziwa, na farasi ameinama anakunywa. "Seleyian akashuka ngazi za mawe," nikasoma, "mpaka kwenye maji ya..." Sikuhitaji kumaliza. Kila mtu pale alilijua lile shimo la machimbo ya zamani. Halina ua, limejaa maji tangu mvua za Aprili, na mwaka jana lilimeza ng'ombe wawili wa Parsaoti.

Ledama alinivuta mkono akanipakia kwenye pikipiki bila kuniuliza. Parsaoti akaiendesha, nami njiani nilimwomba Mungu kwa Kibukusu, lugha nisiyoombea isipokuwa mambo yakiwa mabaya.

Tukamwona. Wachimbaji waliacha vidato vya ngazi kwenye ukuta wa mawe, na Seleyian alikuwa kwenye kimoja chembamba, amekumbatia ukuta, amevaa sweta ya shule, maji meusi chini yake. Juu yake ngazi mbili zilikuwa zimebomoka. Ledama akamwita kwa nguvu. Mtoto akageuka, changarawe ikaporomoka, nasi tukasikia ikiingia majini.

Nikamshika Ledama mkono. "Nyamaza! Ukimwita tena, atageuka tena."

Akanitazama kama anayetaka kunitupa mimi mle ndani. "Wewe ndio umemleta hapa."

"Ni mimi. Ndiyo maana uniache nimtoe."

Nikalala kifudifudi ukingoni, na mwili wangu huu. Nikaitafuta sauti yangu ya Jumamosi. Ikatoka. "Seleyian akafika mwisho wa ngazi," nikasema, "na hakuangalia chini hata kidogo."

"Koko?" Watoto wa Kimaasai huniita nyanya.

"Msichana wa kitabu haongei. Anasikiza. Seleyian akashika jiwe kubwa kwa mkono wa kulia."

Mkono mdogo ukapapasa, ukashika.

"Akaachilia karoti, ashike kwa mikono miwili."

Akajibu kwa sauti ndogo, "Karoti ni ya farasi."

"Akaachilia karoti, Seleyian!" Hasira ilinitoka, siwezi kudanganya. Karoti ikaanguka, naye akashika. "Sasa mguu wa kushoto ukapanda."

Mguu ukapanda. Na wa kulia. Jiwe la tatu likavunjika chini yake, akapiga kelele, akaning'inia kwa mikono, miguu ikitafuta ukuta. Nyuma yangu nikamsikia Naisula, aliyekuwa amefika, akimwomba Mungu.

Sikuthubutu kugeuka. Nikaendelea kusoma kitabu ambacho sikuwa nacho. "Hapo Seleyian akaona shuka ya baba yake inateremka kutoka juu."

Ledama alielewa. Kabla sijamaliza, shuka ilikuwa imetoka mabegani mwake, na yeye amelala kando yangu, Parsaoti amemkalia miguu. Shuka ikamfikia mtoto usoni.

"Akaishika kwa mkono mmoja. Akaizungusha mkononi mara mbili. Akashika na wa pili. Na hakuachilia, hata baba yake alipovuta kwa nguvu."

Ledama akavuta. Nilisikia nguo ikichanika, nikafumba macho. Nilipoyafumbua mtoto alikuwa kifuani kwa baba yake, magoti yakitoka damu, na Naisula anambusu na kumchapa kwa mkono uleule.

Seleyian hakulia. Alinitazama tu. "Koko, nimemngoja sana. Farasi alikuwa ameenda wapi?"

Nilikuwa nimechoka na uongo wangu wote. "Hakuna farasi, mama," nikamwambia. "Koko alitunga. Nisamehe."

Hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka akakosa pumzi, mtoto ambaye hakudondosha chozi akining'inia juu ya maji.

Ledama akanigeukia na hasira mpya kabisa. "Sasa unamwambia hivyo kwa nini?" Akamfuta binti yake vumbi usoni. "Usimsikize huyu. Farasi amehama. Si unaona nyasi imeisha huku? Ameenda Illasit, huko kuna maji."

"Atarudi?"

"Mvua ikinyesha. Ng'ombe zetu si hurudi?"

Seleyian akafikiria, akapangusa pua kwa ile shuka iliyochanika, akanyamaza. Mimi nikakaa pale kwenye changarawe nikalia kwa sauti kubwa, mpaka Naisula akaniambia nipunguze, namtisha mtoto.